Tovuti Imechakaa: Uikarabati au Uifunge?

Ukitaka kujua hali ya tovuti ya biashara yako, usiifungulie kwenye kompyuta ya ofisini. Azima simu ya bei ndogo, ile ambayo wateja wako wengi wanayo, zima Wi-Fi, washa data, kisha andika anwani. Angalia inachukua muda gani mpaka namba ya simu ionekane. Kwenye tovuti iliyotengenezwa miaka kumi iliyopita na kuachwa, mambo huwa ni yale yale: herufi ndogo zinazokulazimu kukuza kwa vidole viwili, onyo pembeni ya anwani kwamba si salama, picha ya mgeni rasmi akikata utepe, namba ya mezani iliyokatwa zamani, na maelekezo ya kulipa kwa Tigo Pesa, jina lililobadilishwa mwishoni mwa 2024.

Wenye biashara wengi wakiona hivyo humpigia fundi na kuuliza bei ya tovuti mpya. Ni mapema mno. Fundi anayeishi kwa kutengeneza tovuti, ukimuuliza kama unahitaji nyingine, jibu lake unalijua kabla hajafungua mdomo. Swali la kwanza ni lako mwenyewe: tovuti hii inafanya kazi gani, na ikizimwa kesho nani atapiga simu kulalamika?

Usijibu kwa kukisia. Kama uliwekewa Google Analytics zamani, fahamu kwamba toleo lake la awali liliacha kukusanya takwimu Julai 2023, kwa hiyo ripoti tupu haina maana kwamba hakuna anayeingia. Search Console ya Google, ambayo ni ya bure, itakuonyesha maneno ambayo watu waliandika Google kabla ya kufika kwako. Yagawe mafungu mawili. Wapo walioandika jina la duka lako: hao wanakujua tayari, wanatafuta namba na ramani tu. Na wapo walioandika wanachokitaka, tuseme "gesti karibu na stendi Moshi" au "bei ya mabati Mwanza". Hawa ndio wateja ambao tovuti inakuletea, na kama hawapo kabisa, umeshapata nusu ya jibu. Nusu nyingine iko kaunta. Kwa mwezi mmoja, kila mteja mgeni aulizwe "umetupataje?", na jibu liandikwe pembeni ya risiti.

Majaribio mengine mawili hayahitaji hata mwezi. Jaza fomu ya mawasiliano ya tovuti yako kama vile wewe ni mteja, utume, kisha ufuatilie ujumbe umeangukia wapi. Mara nyingi unaenda kwenye barua pepe ya mfanyakazi aliyeacha kazi, na hakuna anayejua nywila yake. Halafu nenda Google uandike site: ikifuatiwa na jina la tovuti yako bila kuacha nafasi. Zitakuja kurasa zake ambazo Google inazifahamu. Ukikuta za kamari, za dawa za nguvu za kiume, au zilizojaa maandishi ya Kijapani, ujue wezi wa mtandaoni waliingia zamani na wanatumia jina lako kufanyia biashara zao. Tovuti za WordPress na Joomla zisizosasishwa ndizo zinazopatwa zaidi, na mwenyewe huwa wa mwisho kujua, maana ukurasa wa mbele unabaki kama ulivyokuwa.

Sasa unaweza kuamua. Ukarabati una maana pale mteja anapokuwa mbali, hakujui, na anatakiwa kutoa pesa kabla ya kukuona. Kampuni ya utalii Arusha ni mfano ulio wazi. Mtu aliyeko Ujerumani anayetaka kupanda Kilimanjaro hatatuma maelfu ya dola kwa sababu ya picha za Instagram pekee. Atataka kusoma njia za mlima, siku, bei, kilichomo na kisichomo, na kuona leseni yako ya biashara ya utalii. Gesti ya Paje au Jambiani nayo ina hesabu yake. Nafasi ikiuzwa kupitia mitandao mikubwa ya kuuzia vyumba, kamisheni ya asilimia 15 hivi ni jambo la kawaida, kwa hiyo kila mgeni anayekuja moja kwa moja anachangia gharama ya tovuti. Waongeze hapo wauza viungo nje, shule za bweni, na kampuni zinazoomba zabuni.

Lakini hata hapo, tofautisha ugonjwa na sura. Onyo la kutokuwa salama linatokana na tovuti kukosa cheti cha usimbaji. Chrome ilianza kuziwekea alama tovuti zote za namna hiyo Julai 2018. Cheti chenyewe hutolewa bure na Let's Encrypt, na kampuni nyingi zinazokodisha seva hukuwekea bila malipo. Anayekudai laki kadhaa kwa cheti hicho tu mwombe akueleze vizuri. Sehemu zilizotengenezwa kwa Flash hazirekebishiki: Adobe iliachana nayo mwisho wa 2020, na Januari 2021 ikaizuia isifanye kazi kabisa. PHP 5.6, programu ambayo bado inaendesha tovuti nyingi za zamani, haijapata marekebisho ya usalama tangu mwisho wa 2018. Na kama tovuti haisomeki kwenye simu, fahamu kwamba Google nayo huipima kwanza kwa jinsi inavyoonekana kwenye simu. Kasoro ikiwa ni cheti na namba ya simu, hiyo ni kazi ya siku moja. Zikikutana zote nne, yaani cheti, Flash, PHP na simu, acha kuweka viraka, jenga upya.

Kwa maduka mengi ninayoyaona, hata hivyo, jibu haliko kwenye kujenga upya wala kufunga. Ni kupunguza. Kurasa kumi na mbili zigeuke ukurasa mmoja: jina, unachouza, bei za kuanzia, ulipo, saa za kufungua, lipa namba, na kitufe cha WhatsApp. Futa picha zinazojizungusha zenyewe zinazokula bando la mteja. Futa ukurasa wa habari ambao habari yake ya mwisho ni heri ya mwaka mpya wa 2016. Na Dira na Dhamira pia, jamani; hakuna aliyewahi kununua saruji kwa sababu ya Dira na Dhamira.

Kufunga ni uamuzi wa heshima pale oda zote zinapopitia WhatsApp na Instagram, takwimu zinaonyesha hakuna mgeni, na hakuna mtu ofisini atakayeitunza. Tovuti yenye anwani ya duka mlilolihama inamtoa mtu Mbagala hadi Kariakoo kwa daladala, anakuta fremu ina mpangaji mwingine. Bora isiwepo. Ila usihamie kwenye nyumba ya kupanga ukatupa hati ya kiwanja chako. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita, na waliokuwa wakiuzia huko pekee walikaa wakisubiri. Machi 2024 Google ilizifunga tovuti za bure ambazo biashara ndogo zilijitengenezea kupitia wasifu wao wa Google. Waliokuwa na jina lao wenyewe la tovuti walilielekeza kwingine. Wasiokuwa nalo walibaki na anwani iliyokufa kwenye kadi zao.

Kwa hiyo kuna vitu viwili vya kuamua: tovuti, na jina lake, yaani kikoa kama vile cha .co.tz au .co.ke. Tovuti waweza kuifunga. Jina usiliachie. Sababu kubwa ni barua pepe. Kama info@ ya kampuni yako iko kwenye jina hilo, na ndiyo uliyoiandikisha benki, mamlaka ya mapato na kwenye kurasa zako za mitandao ya kijamii, basi siku jina likiisha muda na mwingine akalinunua, anaweza kuanza kupokea barua zako, zikiwemo zile za kubadilisha nywila. Majina ya zamani yana wanunuzi wanaoyavizia, hasa wa kamari, kwa kuwa Google na wateja walishayazoea.

Siku ya kufunga, anza na nakala ya mafaili yote pamoja na hifadhidata, iwekwe sehemu mbili tofauti, na ujaribu kuifungua ili uhakikishe si faili bovu. Toa picha na nyaraka ambazo hazipo kwingine. Majina, simu na maelezo ya wateja waliojaza fomu yasiachwe kwenye seva: sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi imeanza kutumika Tanzania tangu Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Hakikisha barua pepe haiko kwenye kifurushi kilekile cha seva unachokwenda kukisitisha. Hapo ndipo ofisi nyingi huamka asubuhi zikiwa hazipokei barua. Kisha lielekeze jina, kwa uelekezaji wa kudumu ambao mafundi huuita 301, kwenye ukurasa wako mmoja au kwenye WhatsApp ya biashara. Google inashauri uelekezaji wa namna hiyo uachwe kwa angalau mwaka mmoja. Mimi naongeza: kama anwani imechorwa kwenye magari, mabango na mifuko, uache mpaka vitu hivyo viishe barabarani. Malizia kwa kuiondoa anwani ya zamani kwenye ramani ya Google, Facebook na TripAdvisor.

Yote haya yanawezekana ikiwa jina ni lako, na wengi hugundua kuwa si lao siku ya kulihitaji, fundi akiwa hapatikani. Leo hii, kabla ya kuomba bei kwa mtu yeyote, tafuta taarifa za usajili wa jina lako, kwa tzNIC kama ni la .tz au KeNIC kama ni la .ke, uone linaisha lini na mmiliki aliyeandikwa ni nani. Ukikuta ni fundi, mwombe alihamishie kwa kampuni yako kwa maandishi, angali anapokea simu zako.