Nimonia ya Virusi au ya Fangasi? Usibahatishe!

Tuseme nyumbani kwenu kuna wagonjwa wawili. Kaka anakohoa tangu juzi, mjomba tangu wiki tatu zilizopita. Wote wana homa na wanahema. Jirani anasema, "Hiyo ni nimonia tu, kanunueni vidonge dukani." Je, ungekubali? Hebu soma kwanza.

Nimonia ni nini?

Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo sana vya hewa. Hapo ndipo oksijeni inapoingia kwenye damu. Vijidudu vikivishambulia, vifuko hivyo huvimba na kujaa majimaji. Vijidudu hivyo vyaweza kuwa bakteria, virusi au fangasi.

Wapo fangasi ambao mtu mwenye kinga nzuri huwavuta puani na wala haugui. Lakini kinga ikishuka, kwa mfano VVU visipotibiwa au mtu akitumia dawa za saratani, fangasi hao hupata nafasi. Mmoja wao anaitwa Pneumocystis. Ndiye aliyesababisha nimonia ya vijana watano wa Los Angeles, Marekani, walioandikwa katika taarifa ya Juni 1981. Hiyo ndiyo taarifa ya kwanza ya kitabibu kuhusu ugonjwa uliokuja kuitwa UKIMWI.

Tofauti zake

Nimonia ya virusi, kama vile vya influenza au korona, mara nyingi huja haraka, kwa siku chache. Mgonjwa huwa na mafua, koo linawasha, mwili wote unauma. Mara nyingi kuna mwingine karibu naye anayeumwa hivyo hivyo.

Nimonia ya Pneumocystis hunyemelea. Kwa mwenye VVU huchukua wiki kadhaa. Kikohozi ni kikavu. Akikaa anaona nafuu, akipanda kilima kidogo tu, pumzi zinamwishia. Daktari akisikiliza kifua, huenda asisikie kitu. Huwapata zaidi wenye CD4 chini ya 200. Utando mweupe mdomoni nao ni dokezo kwamba kinga imeshuka.

Lakini angalia! Hizi ni dalili tu, si hukumu. Picha za eksirei zaweza kufanana, na mtu mwenye kinga dhaifu anaweza kuwa na maradhi mawili kwa mpigo. Tena kifua kikuu nacho hukohoza. Ndiyo maana vinahitajika vipimo vya makohozi, damu na oksijeni.

Kwa nini tusibahatishe?

Kwa sababu dawa zinatofautiana. Antibiotiki haziui virusi. Hata flukonazoli, dawa ya fangasi inayojulikana sana, haimwezi Pneumocystis. Anayemweza ni kotrimoksazoli, ile ambayo wengi huiita Septrin. Hutolewa kwa dozi kubwa, kwa kawaida wiki 3, chini ya uangalizi wa daktari. Dozi ndogo ya kila siku huwakinga wenye kinga iliyoshuka.

Sasa mfikirie mjomba. Kama ana VVU na anaona haya kusema, daktari atajuaje kwamba amtafute fangasi? Hapo siri inaweza kuua. Mhudumu wa afya hapaswi kuitangaza siri ya mgonjwa, basi aambiwe yote.

Wewe ufanye nini?

• Mkumbushe mgonjwa kusema kikohozi kilianza lini na anatumia dawa gani.
• Akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, au midomo ikibadilika rangi, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.
• Anayetumia ARV asiziache. Kinga ikipanda, fangasi huyu hukosa nafasi.
• Usimcheke wala usimtenge. Ndivyo wagonjwa wanavyofundishwa kuficha.

Chemsha bongo

1. Kwa nini kifua kinachosikika kizuri si ushahidi kwamba mapafu ni mazima?
2. Kaka na mjomba: nani huenda ana virusi? Nani apimwe fangasi na kifua kikuu? Jadilini darasani.