Mpira Utawaleta, Lakini Nani Atabaki Nao?

SOMO LA WIKI KWA VIKUNDI VYA NYUMBANI
Maandiko ya kusoma: Yohana 6:24-27, Luka 15:1-7, 1 Wathesalonike 2:7-8



Likizo ya mwezi wa nane inakaribia, na kama mlivyosikia kwenye matangazo, idara ya vijana imeomba kuandaa mashindano ya mpira kwa watoto wa mtaa wetu. Wageni kutoka ng'ambo watakuja kukaa nasi wiki mbili. Watabeba mipira, jezi na njumu. Baada ya ibada nimesikia maneno ya pande mbili. Wazee wengine wanasema mpira ni mambo ya dunia, kanisa lisiingie huko. Vijana nao wanasema, tupeni uwanja tu, mtaona watoto watakavyookoka. Mimi huwa na watoto hawa uwanjani kila Jumamosi, na pasta ameniomba nilete somo hili kabla kamati haijaamua. Fungua Biblia yako twende pamoja.

1. JE, MPIRA NI WA DUNIA?

Niwaulize wale wanaoshabikia ligi ya Uingereza, na najua mko wengi hata kama Jumapili mnaficha jezi chini ya koti. Mnajua timu yenu ilizaliwa wapi? Manchester City ilianza 1880 kama timu ya kanisa la St Mark's, West Gorton. Watu wa kanisa walikuwa wanatafuta kitu cha kuwatoa vijana kwenye ulevi na vita vya magenge. Everton ilianza 1878 kama timu ya kanisa la Kimethodisti la St Domingo, mjini Liverpool. Southampton ilianza 1885 katika kanisa la St Mary's, ndiyo maana mpaka leo inaitwa Watakatifu. Kule Glasgow, Celtic ilianzishwa 1887 na mtawa mmoja Mkatoliki aliyeitwa Brother Walfrid, ili pesa za mechi zinunue chakula cha watoto maskini.

Kwa hivyo, mzee wangu, mpira haukutoka kuzimu. Watu wa Mungu waliutumia zamani, na hapa kwetu pia shule nyingi za misheni zilikuwa na uwanja wa mpira si mbali na kanisa. Nabii Zakaria, sura ya 8 mstari wa 5, anapoeleza Yerusalemu iliyorudiwa na Mungu, anaona wavulana na wasichana wakicheza njiani. Mtoto anayecheza bila hofu ni dalili ya mji uliobarikiwa. Amina?

Lakini nyinyi vijana msipige makofi haraka. Zitazame timu hizo leo. Ni biashara kubwa kabisa. Mchezaji ananunuliwa kwa pesa ambazo zingejenga hospitali. Kanisa lilizaa timu, timu ikakua, ikahama nyumbani, na wengi wanaojaza viwanja hivyo hawajui hata kama kulikuwa na kanisa. Simhukumu mtu. Nasema tu kwamba mpira hauwezi kujibebea Injili wenyewe. Ukiwekwa mikononi mwa watu wenye Injili, utaibeba. Watu hao wakiondoka, mpira utaendelea kudunda bila Injili.

2. MTU ALIYETAZAMA PEMBENI

Tuvuke mpaka kidogo hadi Kampala. Kuna mtaa wa mabanda unaitwa Katwe. Mvua ikinyesha, maji huingia ndani ya nyumba. Huko kijana mmoja, Robert Katende, alikuwa akifanya kazi na huduma ya Kikristo ya Sports Outreach, iliyowafikia watoto wa mtaa kwa mpira. Watoto walikuja, wakacheza, wakasikia Neno, wakala.

Lakini Katende aliona jambo ambalo makocha wengi hatulioni. Kulikuwa na watoto waliosimama kando ya uwanja. Hawakuingia. Wengine waliogopa kuumia, maana mtoto wa Katwe akivunjika mguu, pesa za hospitali zitatoka wapi? Wangeweza kuachwa hapo, kwani timu zilikuwa zimejaa. Yeye akajiuliza, hawa je? Mwaka 2004 akaanza kuwafundisha mchezo wa chesi, yaani sataranji, ambao wengi hawakuwa wameuona maishani mwao. Kulikuwa na mchezo, na kulikuwa na kikombe cha uji.

Siku moja msichana wa miaka kama tisa alimfuata kaka yake hadi hapo. Alikuwa ameacha shule kwa kukosa karo, akiuza mahindi barabarani kumsaidia mama yake. Jina lake Phiona Mutesi. Hakujia chesi. Alijia uji. Akafundishwa na mtoto mdogo kuliko yeye, akashindwa, akarudi kesho yake. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika Olimpiki ya chesi nchini Urusi. Mwaka 2016 ikatoka filamu ya Queen of Katwe, na Lupita Nyong'o wetu ndiye aliyeigiza kama mama yake.

Watu wengi huhubiri hadithi hii wakiishia kwenye ndege na filamu. Mimi naomba tuitazame kwa mpangilio mwingine. Kutoka 2004 hadi filamu ni miaka 12. Kwa miaka mingi kati ya hiyo hakukuwa na kamera. Kulikuwa na mtu mmoja, mbao za chesi, sufuria ya uji na watoto walewale. Na katika watoto wote waliopita hapo, ni wangapi waliopanda ndege? Wachache sana. Wale wengine pia walikunywa uji, walijulikana kwa majina, walifundishwa kufikiri kabla ya kutenda. Je, kazi ile ilikuwa bure kwao kwa sababu hawakuwa mabingwa? Hapana, wapendwa.

Luka 15 inatuambia juu ya mchungaji aliyewaacha kondoo 99 akamtafuta mmoja. Katika uwanja wetu, yule mmoja ni nani? Mara nyingi ni yule asiyejua kupiga mpira. Ni msichana aliyeambiwa mpira ni wa wavulana. Ni yule mwenye mguu mbovu. Wageni watawapiga picha wale wanaofunga magoli. Sisi tutazame pembeni.

3. UJI HAUNA MASHARTI

Katika Yohana 6, umati ulimtafuta Yesu hadi ng'ambo ya bahari. Yesu aliwaambia wazi kwamba wamemfuata kwa sababu walikula wakashiba. Ona mambo mawili. Kwanza, alikuwa amewalisha kweli, na hakuwaita tena walipe. Pili, hakuwadanganya kuhusu alichokuja kutoa. Aliwaambia kuna chakula kingine kinachodumu, wakitafute hicho.

Hapo ndipo sisi watu wa mpira tunajaribiwa. Unaweza kumwambia mtoto, inua mkono uokoke, halafu upange laini ya jezi. Mikono itainuliwa mia mbili! Tutaandika ripoti nzuri, na wageni watafurahi. Lakini yule mtoto amejifunza nini? Amejifunza kwamba Yesu ni mlango wa kupitia ukipata jezi. Siku mwingine akileta jezi nzuri zaidi, ataingia mlango huo pia.

Tena tunaishi na majirani Waislamu, na wengine wasio na dini yoyote. Watoto wao watakuja, maana mpira hauulizi mtu dini. Basi tuwaambie wazazi wao mapema, kwa barua na kwa mdomo: hii ni ligi ya kanisa, kabla ya mechi tutaomba na kusoma Neno, mtoto wako anaweza kukaa kando wakati huo na bado atacheza. Mzazi akikataa, tumsalimie vizuri njiani kama jana. Injili ni nuru, haiingizwi nyumbani mwa watu kwa mlango wa nyuma. Na mtoto asiyeokoka apate uji uleule, jezi ileile, na kocha asiyemnunia.

4. NANI ATABAKI?

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Mwaka uliopita, wiki ambayo wageni walikuwa wanafunga mizigo, mvulana mmoja wa miaka kumi alinijia nikikusanya koni uwanjani. Hakuniuliza kuhusu njumu. Aliniuliza, "Kocha, na wewe utaenda lini?"

Wapendwa, swali hilo halijaniacha. Mtoto yule ameona watu wengi wakiondoka. Baba aliondoka. Mwenye nyumba alipowafungia, marafiki waliachwa ploti ya zamani. Amezoea kwamba mtu akikupenda, ana tarehe ya kuondoka. Ukija kwake na upendo wa wiki mbili, unamthibitishia anachokijua tayari.

Mtume Paulo, katika 1 Wathesalonike 2:8, anasema kwamba aliwapa watu wale Injili na maisha yake pia, kwa sababu walikuwa wapenzi kwake. Mstari uliotangulia anajifananisha na mama anayelea watoto. Mama halei kwa wiki mbili. Silaumu wageni wetu, nao wanaacha kazi na familia zao na kulipa nauli kubwa. Wao ni wasaidizi wa siku za mavuno. Lakini shamba ni letu. Palizi ni yetu. Wakienda, mtoto atabaki mtaani na sisi, na sisi ndio atakaotusoma.

Kuna mfano hapa Nairobi. Mwaka 1987, kule Mathare, ulianzishwa muungano wa michezo ya vijana unaojulikana kama MYSA. Si kanisa, lakini una jambo la kutufundisha. Pale, timu haipati pointi kwa kushinda mechi tu. Kusafisha takataka za mtaa pia kunaleta pointi kwenye ligi. Na vijana waliokulia humo ndio wamekuwa makocha na marefa wa wadogo zao. Ona, waliobaki ni wenyeji. Ndiyo shauri ambalo Paulo anampa Timotheo katika 2 Timotheo 2:2: uliyofundishwa, wape waaminifu watakaoweza kufundisha wengine.

5. TUFANYE NINI BASI?

Maoni yangu kwa kamati ni haya, na ninyi myapime.

a) Tusianze na mipira, tuanze na watu. Nataka washirika kumi, wanaume kwa wanawake, watakaosema: kwa miaka miwili, Jumamosi zangu ni za watoto hawa. Tukipata wanne tu, basi tuwe na timu nne. Tusikusanye watoto mia mbili ambao hatuna wa kuwabeba.

b) Kila mlezi awe na watoto wake kumi na watano, awajue kwa majina, ajue nyumbani kwao, na ajue nani hakuja wiki hii na kwa nini.

c) Usalama wa mtoto kwanza. Mtu mzima asibaki na mtoto mahali pa siri, hata kama ni mzee wa kanisa. Walezi wawe wawili wawili, na kila mmoja achunguzwe na viongozi kabla ya kupewa watoto. Mtoto akilalamika, asikilizwe, na jambo lipelekwe kwa wanaohusika kisheria, lisizimwe kwa ajili ya jina la kanisa.

d) Wasichana wawe na timu na muda wao uwanjani. Na kila mtoto aliyekuja acheze, asikae benchi mwezi mzima kwa sababu tunataka kombe.

e) Pesa tutakazochanga zisiishie kwenye jezi. Zitenge uji, sanduku la huduma ya kwanza, na kitu kidogo cha kusaidia karo.

Huenda unasema, mimi sijui mpira hata kidogo. Sawa. Unajua kupika uji? Unajua kusaidia mtoto na hesabu za shule? Unaweza kumtembelea mama yake? Katende alikuwa mtu wa mpira, lakini mlango wa Phiona haukuwa mpira. Mungu anaweza kutumia sufuria yako.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika mtaa wako, ni mtoto gani husimama pembeni wengine wakicheza? Mnamjua jina?
2. Tukiondoa zawadi zote, ni kitu gani kingemfanya mtoto arudi kanisani kwetu?
3. Soma tena Yohana 6:24-27. Kuna tofauti gani kati ya kumlisha mtu na kumnunua?
4. Ni nani katika kikundi hiki anaweza kutoa Jumamosi zake kwa miaka miwili? Asipokuwepo, kikundi kinaweza kumwezesha nani?

Majina ya walio tayari yapelekwe ofisini kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi. Usiandike jina lako kwa furaha ya leo. Nenda nyumbani, ongea na mke wako au mume wako, omba, halafu uandike.

TUOMBE

Baba, umetupa watoto hawa wakiwa na vumbi miguuni na maswali moyoni. Tupe macho ya kuwaona walio kando ya uwanja. Utuondolee tamaa ya hesabu kubwa na picha nzuri. Wabariki wageni watakaokuja na watakaoondoka. Nasi ambao nyumbani kwetu ni hapa, utupe neema ya kubaki. Katika jina la Yesu, amina.