SOMO: TALAKA, KUTENGANA NA KUMTUMIA WAKILI

Fahamu, ewe ndugu yetu Muislamu uliye ugenini, ya kuwa neno wakili katika lugha yetu limebeba watu wawili. Yuko wakili wa akdi, naye ni mjomba au kaka anayekaa badala yako siku ya ndoa, akakubali au akaozesha kwa idhini yako. Na yuko wakili wa mahakamani, aliyesoma kanuni na anayelipwa ujira. Wa kwanza tumemzowea tangu kwetu Unguja na Pemba, na kwa kumzowea huko tumedhani wa pili ni mfano wake: kwamba atajua tunalolitaka hata tusipomwambia. Sivyo. Na huyo wa kwanza naye, akishapewa waraka wa mahakama mkononi, hatazamwi tena kwa ujamaa wake bali kwa yaliyoandikwa.

Kabla ya kumwendea wakili, mtu na ajue anataka kuingia mlango gani. Kanuni ya familia ya Oman, iliyotolewa kwa Amri ya Kisultani nambari 32/97 ya mwaka 1997, imefuata mpango wa fiqhi: ndoa huvunjika kwa talaka ya mume, kwa khului, yaani mke kujikomboa kwa mali na mume akaridhia, kwa hukumu ya kadhi, au kwa mauti. Ama kutengana, mume akawa Muscat na mke Mombasa, huo si mlango wa tano. Hata wakikaa miaka kumi bila ya kuonana, mke ni mke, na hana ruhusa ya kuolewa na mwengine. Anachoweza ni kumshitakia kadhi kwa kukosa matunzo au kwa kughibu mume, kisha kadhi ahukumu. Wako wanawake wetu waliodhani kuwa miaka imewaacha, na hili ni jambo la khatari kubwa.

Vivyo hivyo talaka ya rejea haikati ndoa papo hapo. Mke yumo katika eda yake, hedhi tatu, au mpaka azae akiwa mja mzito, na matunzo na makazi ni juu ya mume; Suratut-Talaq imekataza asitolewe nyumbani. Mume akitaka kurejea, sisi Ibadhi tunashikilia mashahidi wawili. Basi siku hizi, ambapo mume hutamka kwa simu na kurejea kwa simu, ni wajibu wa kila upande kuandika tarehe na majina ya mashahidi. Wakili hawezi kuthibitisha mbele ya kadhi lisilokuwa na tarehe wala shahidi.

Ama mke anayedhuriwa, asikimbilie khului. Wengi huishauriwa kwa sababu ni njia ya haraka, lakini katika khului yeye ndiye anayetoa. Akidai talaka kwa madhara, kadhi hujaribu kwanza kusuluhisha; ikishindikana huteua mahakamu wawili, kama ilivyoamrishwa katika aya ya 35 ya Suratun-Nisaa, nao huchunguza ubaya umetoka wapi. Ukidhihiri kuwa umetoka kwa mume, mke huachwa na haki zake zimo mikononi mwake, hata yale mahari yaliyoakhirishwa.

Hapa ndipo wakala unapoweza kumnufaisha mtu au kumponza. Tuchukue mfano: mke anaishi Oman, na kesi iko Unguja. Amempelekea kaka yake waraka wa jumla, kwamba amfanyie kila analoliona lina maslaha. Kaka, kwa nia njema ya kumaliza mambo, amekubali khului kwa kusamehe mahari yaliyobaki. Mke alikuwa na ushahidi wa madhara, na angelipata haki yake yote. Lakini kaka hakutoka nje ya mipaka ya waraka, basi alilolifanya limemlazimu dada yake, na kulivunja baadaye ni taabu. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini mbele ya kaatibul-adli, tafuta maneno haya ndani ya waraka: kusuluhisha, kukiri, kusamehe na kukhului. Lile usilolitaka, likatwe. Waraka ukiwa wa Kiarabu na wewe hukisomi, usomewe na mtu asiyekuwa wakili mwenyewe. Na mume anayemuwakilisha mtu kutoa talaka aandike ni talaka moja, wala asiache nafasi tupu. Ukitaka kumwondoa wakili, muarifu yeye pamoja na mahakama kwa maandishi. Kumkasirikia tu hakumwondoi.

Jamaa zetu walioko Uingereza wana mas-ala ya pekee. Huko, nikahi iliyofungwa nyumbani bila ya kusajiliwa haihesabiwi kuwa ndoa mbele ya serikali, na mke huweza kutoka bila ya fungu katika nyumba aliyoijenga pamoja na mume. Na aliyesajili ndoa, talaka ya mdomo iliyotamkwa Uingereza haimtoi katika ndoa ile ya serikali. Tangu tarehe 6 Aprili 2022 mwombaji wa Uingereza na Wales halazimiki kumtia mwenziwe makosani, lakini ni lazima ndoa iwe imetimiza mwaka, kisha zipite wiki 20 kabla ya amri ya kwanza, na wiki 6 nyengine kabla ya amri ya mwisho. Kwa hiyo muulize wakili mambo mawili mbali mbali: lini nimeachika kisharia, na lini nimeachika kiserikali.

Kuhusu watoto, Oman humpa mama ulezi kwanza, wa kiume mpaka atimize miaka 7 na wa kike mpaka abaleghe, ila kadhi akiona maslaha ya mtoto ni vyenginevyo. Lakini ulezi si ruhusa ya safari. Mama anayetaka kuwachukua watoto kwenda kwa bibi yao Zanzibar anahitaji idhini ya walii wao, naye kwa kawaida ni baba. Idhini hiyo iandikwe, itajwe siku ya kwenda na ya kurudi, na ishughulikiwe kabla ya kukatwa tikiti.