Jembe Linapovuka Mpaka

SOMO LA JUMA
Maandiko ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 19:14, Mithali 23:10-11, Mathayo 18:15-17



Siku ya meza ya Bwana iliyopita, mama mmoja mjane wa kanisa letu alibaki amekaa kwenye benchi wakati wenzake wote wamesimama kwenda mbele. Baada ya ibada nikamfuata, nikidhani ni mgonjwa. Akaniambia, "Mwalimu, mimi siumwi. Nashindwa tu kunywa kikombe kimoja na mtu anayenimegea shamba." Nikamuuliza amemega kiasi gani. "Matuta matatu. Lakini si kwa siku moja. Tuta moja kila msimu."

Nakiri mbele yenu kwamba jibu lilikuwa tayari mdomoni: "Mama, achilia tu, Mungu atakupa zaidi." Nikalimeza. Somo la juma hili limetokana na jibu lile nililolimeza. (Yeye na jirani yake, ambaye pia ni mshirika, wamenipa ruhusa niandike.)

Sisi wa Garsen na vijiji vya kando ya mto tunajua kwamba mpaka wa shamba huku haukai kama ukuta. Mashamba yetu mengi yanaanza ukingoni na kuingia ndani, moja ubavuni mwa jingine, na alama ni zile walizotuachia wazee: mwembe, mstari wa migomba, mtaro, njia ya miguu. Alafu mto unafurika. Tuliona 1997 wakati wa El Nino, tukaona 2018, tukaona mwisho wa 2023, na kabla hatujakausha magodoro maji yakarudi tena Aprili na Mei 2024. Yakishuka yanaacha tope laini, tamu kwa mahindi na pojo, lakini limefunika kila kitu. Mtaro haupo. Migomba imelala. Pengine ukingo wenyewe umekatika, na mtu aliyenyang'anywa hatua kumi na mto anaanza kuangalia kwa jirani.

Hapo hakuna anayeamka asubuhi na kusema, "Leo naenda kuiba ardhi." Mtu analima tu. Jembe linafuata tope. Tuta moja linavuka, na msimu unaofuata lile tuta ndilo linakuwa mwanzo wa kuhesabu. Mto wetu wenyewe una habari kama hiyo. Zamani maji mengi ya Tana hayakuwa yakitokea baharini kwa njia ya Kipini. Katika karne ya 19 watu walichimba mfereji mwembamba, Belazoni, wa kupitishia mitumbwi hadi mto Ozi. Maji yakaupenda mfereji, yakaula pande zote mbili, na leo huo mfereji ndio mto.

Mungu alilijua jambo hili mapema. Musa aliwapa Israeli amri ya kutosogeza alama ya mpaka wa jirani wakati bado hawajamiliki hata kipande Kanaani. Ukifungua Kumbukumbu la Torati 27:17 utakuta mwenye kufanya hivyo amewekwa kwenye orodha ya laana ambazo watu wote waliziitikia Amina. Angalieni ameorodheshwa na akina nani: anayeweka sanamu kwa siri, anayempoteza kipofu njiani, anayempiga mwenzake mahali pa siri. Dhambi za gizani, ambazo hakuna shahidi wa kumpeleka mtu kwa wazee. Ndiyo maana zikapelekwa mbele za Mungu.

Naijua dhambi hii kwa sababu nimeifanya. Baada ya maji ya 2018 nilipanda mistari miwili ya mahindi kupita kisiki cha mwembe ambacho baba yangu alinionyesha nikiwa mtoto. Jirani yangu ni mzee kuniliko, na hakusema neno. Mimi nikahesabu kunyamaza kwake kuwa ni ruhusa. Siku moja akapita, tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto, kisha akasema, "Mwalimu, mahindi yako yamekubali mwaka huu. Hasa yale yaliyo kwangu." Tukacheka wote wawili. Usiku sikulala. Jumapili yake nilikuwa na zamu ya kufundisha, na niwaambie ukweli, sikumbuki hata nilifundisha nini. Kesho yake nilimpelekea mavuno ya mistari ile miwili, nikarudisha mpaka kisikini. Alipokea gunia, akasema alikuwa anangoja kuona kama wokovu wangu unafika shambani.

Sasa turudi kwa lile jibu la "achilia." Wapo watakaosema, kwani Abrahamu hakumwachia Lutu? Ni kweli, Mwanzo 13. Lakini tazama nani alimwachia nani. Abrahamu ndiye alikuwa mkubwa, mwenye haki ya kuchagua kwanza. Aliachia akiwa juu, kwa hiari yake, na kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa chake kutoa. Halafu soma 1 Wafalme 21. Nabothi aliombwa shamba lake na mfalme mzima, akaahidiwa shamba bora kuliko lile, au fedha. Akakataa, kwa sababu ulikuwa urithi wa baba zake na watoto walikuwa nyuma yake. Hakuna mahali Biblia inamkemea Nabothi kwa ugumu wa moyo. Mungu alipomtuma Eliya, alimtuma kwa Ahabu.

Basi mwenye nguvu akija kwangu kuniuliza afanye nini, nitamsomea habari ya Abrahamu. Mjane akija, sina ruhusa ya kumsomea hiyo na kumrudisha nyumbani mikono mitupu. Mithali 23 inaonya mtu asiingie katika shamba la yatima, kwa kuwa wana Mkombozi mwenye nguvu ambaye atawatetea. Mara nyingi sisi watumishi tumemwambia aliyeonewa asamehe kwa sababu yeye ndiye mpole, anasikia haraka, na yule mwingine anatoa sadaka kubwa au ana sauti. Hiyo tuseme wazi kwamba ni uoga wetu. Mama huyu anaweza kumsamehe jirani leo kwa moyo wote, na kesho bado akadai matuta yake matatu. Yale ni chakula cha wajukuu.

Anadai vipi? Mathayo 18. Kwanza, ninyi wawili peke yenu. Wengi wetu hapa tunaruka: tunaanza kwa majirani, tunapita sokoni, tunafika kwa chifu, na mwenye kosa anasikia habari zake kwa mtu wa tatu. Nendeni shambani, mtembee mpaka pamoja mwanzo hadi mwisho. Na mwende mapema, maji yakishuka tu, kabla ya mbegu. Mahindi yakishafika magotini kila mtu anatetea jasho lake na masikio yanaziba. Panga zibaki nyumbani. Wanaocheka hapa hawajaona niliyoyaona.

Ikishindikana, mashahidi wawili au watatu. Usichukue marafiki zako. Chukua wanaokumbuka mwembe ulisimama wapi, na huyo jirani wa upande wa pili, maana mtu akisukumwa huku naye husukuma kule. Wazee wa Gasa wamekuwa wakiamua mambo ya namna hii tangu kabla ya kanisa kufika, na hata Katiba ya 2010, kifungu cha 60, inahimiza jamii zitatue migogoro ya ardhi kwa njia zao wenyewe zisizopingana na Katiba. Kisha kanisa. Paulo, katika 1 Wakorintho 6, aliona aibu ndugu kushtakiana mahakamani, lakini aliuliza pia kama hamna hata mwenye hekima mmoja kati yenu wa kuamua. Tukimkataza mtu mahakama na sisi hatuna muda wa kukaa naye, tumemfungia mlango tu.

Kwa ardhi iliyosajiliwa, Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inasema msajili wa ardhi ndiye wa kuonyesha mpaka ulipo kabla mahakama haijasikiliza kesi ya mpaka. Na kung'oa au kuharibu alama ya mpaka ni kosa la jinai. Wacha mtu asikudanganye kwamba ni jiwe tu.

Lipo jambo moja zito ambalo nikilikwepa nitakuwa nimefundisha nusu. Si jirani zetu wote wanasali hapa. Wapo Waorma na Wardei, ambao ng'ombe wao hushuka mtoni kiangazi kwa malka. Malka nayo ni mpaka uliowekwa na watangulizi. Tukiilima kidogo kidogo hadi ng'ombe hawana pa kupita, ni lile lile tuta moja kila msimu. Na mchungaji wa ng'ombe anayeliachia kundi liingie kwenye mahindi yaliyosimama, naye amevuka mpaka. Hatuhitaji kuambiwa mwisho wake. Tarehe 22 Agosti 2012 zaidi ya watu 50 waliuawa Riketa, wengi wao wanawake na watoto. Kabla mwaka kwisha tukasikia Chamwanamuma, Kilelengwani, Kipao. Torati inasema jirani, na Yesu alipoulizwa jirani ni nani, katika Luka 10, alimchukua Msamaria, mtu wa dini nyingine na kabila jingine. Kwa hiyo kama shamba lako linapakana na malka, mtu wa kutembea naye mpaka ni mzee wa Kiorma, na umsalimie kwa heshima kama unavyomsalimia mzee wako.

Jumatano tulikwenda shambani kwa mama yetu: yeye, jirani yake, wazee wawili na mimi. Haikuwa rahisi. Saa nzima ilipita watu wakionyeshana migomba. Jirani akakubali matuta mawili, akayarudisha mbele yetu, na kusema mwenyewe kwamba alijua. Tuta la tatu anasema lilikuwa la babu yake, na wazee hawakuafikiana. Tumekubaliana lisilimwe na yeyote mpaka apatikane mzee mmoja anayeishi Ngao ambaye alilima pale zamani.

Alhamisi kwenye ushirika wa nyumbani someni Mwanzo 26:17-22, Isaka na visima vyake. Viongozi wa vikundi, msiwape watu maswali mengi. Kila mmoja aseme tu ni mpaka gani hajautembea na jirani yake tangu maji yaliposhuka, na lini atakwenda.