Kumfunga Kizazi Paka Asiye na Mwenyewe



Swali la somo hili limetoka kwa dada mmoja aliyeacha kijiji akaenda Nairobi kufanya biashara. Amepanga chumba River Road, ghorofani juu ya maduka. Nyuma ya jengo kuna paka jike anayekula makombo ya hoteli. Wapangaji humtupia vichwa vya omena, wenye maduka humpenda kwa sababu ya panya, lakini hakuna anayesema ni wake. Amezaa tena, na mlinzi ameambiwa awatie watoto kwenye gunia akawatupe. Dada huyu anauliza: mimi ni mgeni hapa, paka si wangu, je, naweza kumpeleka afungwe kizazi?

Ndiyo, anaweza. Lakini kazi yenyewe inaanza kwa majirani kabla ya kufika kwa daktari.

Kwanza tuelewe kwa nini paka wanajaa upesi hivyo. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne hadi sita tu, yaani yeye mwenyewe bado mtoto. Mimba huchukua kama siku 63 hadi 65, na mara nyingi huzaa watoto watatu hadi watano. Tena anaweza kushika mimba nyingine wakati bado ananyonyesha. Katika nchi za baridi paka hupumzika miezi ya mchana mfupi. Huku kwetu karibu na ikweta mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, basi hana likizo.

Sasa, wale wa gunia. Ukiwaondoa paka wote na makombo yakabaki palepale, wengine watakuja kutoka uchochoro wa pili, na mtaanza upya. Mwenye nyumba atakuwa amelipa bure. Zaidi ya hayo, kumtesa mnyama ni kosa kwa sheria ya Kenya, na Mithali sura ya 12 inahesabu kumjali mnyama kuwa alama ya mtu mwenye haki. Paka aliyefungwa kizazi hubaki mahali pake na kuendelea kutisha panya, na hapigi tena zile kelele za usiku.

Kuna waliouliza kama si dhambi kumzuia kiumbe kuzaa. Jamani, mafahali na beberu tunahasi miaka yote na hakuna aliyemwita mchungaji!

Kwa hiyo dada yetu aanze hivi: aongee na mwenye hoteli, mlinzi na wapangaji wa ghorofa yake. Awaulize waziwazi kama yuko mwenye paka, maana hakuna ruhusa ya kumpasua paka wa mtu kwa siri. Kisha wachange. Hoteli na maduka ndiyo yanayofaidika zaidi, basi wasione haya kutoa zaidi. Mmoja aandike michango kwenye daftari, kama tunavyofanya kikundini.

Mahali pa kumpeleka pako. Chama cha kutunza wanyama, KSPCA, kiko upande wa Karen, barabara ya Langata. Chuo Kikuu cha Nairobi kinafundisha madaktari wa mifugo Upper Kabete, karibu na Kangemi, na huko hutibu wanyama wadogo. Wapo pia madaktari wa binafsi. Hakikisheni daktari amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Pigeni simu mapema muulize bei, siku ya upasuaji, kama kuna nafuu kwa paka wa mtaani, na kama wana mtego wa kuazima.

Kumkamata ndiko kugumu. Msimkimbize. Mlisheni saa ileile kila siku, chakula kikiwa ndani ya kreti au mtego ulio wazi, mpaka azoee kuingia. Tazameni chuchu zake: kama ananyonyesha, ni afadhali kungoja watoto wafike kama miezi miwili, wawe wanakula wenyewe. Usiku wa kuamkia upasuaji asile kitu, kwa sababu akitapika akiwa kwenye dawa ya usingizi anaweza kukwamwa na pumzi. Mfunikeni kwa leso, giza humtuliza. Ongeeni na makanga kabla ya kupanda matatu, na muondoke alfajiri kabla ya msongamano.

Daktari humlaza kwa dawa, hufungua tumbo kidogo, na kwa kawaida hutoa kizazi pamoja na viungo vya mayai. Ombeni achanjwe kichaa cha mbwa siku hiyohiyo, maana paka naye huambukiza. Paka wa mtaani hukatwa ncha ndogo ya sikio akiwa bado amelala, ili asije akakamatwa na kupasuliwa mara ya pili. Baadaye alale mahali pakavu penye joto, na arudishwe palepale alipotoka siku atakayosema daktari. Kidonda kikivimba au kikitoa usaha, arudishwe hospitali.

Hapa tunasisitiza: msimpe panadol wala dawa yoyote yenye parasetamoli. Kidonge kimoja tu chaweza kumwua. Vilevile huko nyumbani msimpake paka dawa ya kupe ya ng'ombe au ya mbwa; nyingine ni sumu kwake. Na mtu akiumwa au kukwaruzwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Dume pia ahasiwe ikiwezekana. Upasuaji wake ni mfupi, lakini pesa zikiwa za mmoja tu, anzeni na jike.

Maswali ya kujadili kikundini:
Paka wanaolinda stoo yetu ya mahindi ni wangapi, na majike ni wangapi?
Daktari wa mifugo wa karibu anatoza kiasi gani, na nani ataenda kuuliza kabla ya mkutano ujao?
Watoto wa paka waliozaliwa mwaka huu wako wapi sasa?