BREKI IKILIA, TUISIKILIZE



Gari la kijijini hubeba mengi: mahindi, mbolea, wagonjwa na sisi wenyewe. Leo tujifunze juu ya sauti za breki.

Siku moja tulipanda pikapu kwenda mnadani. Kila dereva alipopunguza mwendo, gurudumu la mbele lililia "kwiii". Mama mmoja akauliza, "Mwanangu, mbona gari linalia?" Dereva akacheka. "Vumbi tu hilo, mama." Akaongeza sauti ya redio.

Baada ya wiki mbili sauti ikawa "krrr". Siku hiyo, kwenye mteremko wa kuingia mtoni, breki hazikushika vizuri. Gari likaacha njia, likakwama kwenye kichuguu. Bahati nzuri hakuna aliyeumia. Mama yule alikuwa amesema kweli.

Kwa nini tunasikia mwendo ukiwa mdogo?

Gari likikimbia, injini, matairi na upepo hupiga kelele nyingi. Sauti ya breki hufichika. Likienda polepole, sauti hiyo hutokea wazi. Basi huo ndio wakati wa kusikiliza.

Breki hufanyaje kazi?

Magurudumu ya mbele ya magari mengi yana diski. Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Dereva akikanyaga breki, pedi mbili huibana diski, moja kila upande. Pedi huisha kidogo kidogo, kama soli ya kiatu. Nyuma yake kuna bati la chuma.

Nyuma ya pikapu nyingi kuna dramu. Humo breki shuu hutanuka na kusugua dramu kwa ndani. Nazo huisha.

Sauti nne za kujua

1. Mkwaruzo mwepesi asubuhi. Gari limelala kwenye mvua au umande, diski imeshika kutu kidogo. Ukikanyaga breki mara chache, sauti huisha. Hiyo si hatari.

2. "Kwiii" kila ukikanyaga, siku baada ya siku. Yawezekana pedi zinakaribia kwisha. Pedi nyingi zina kibati kidogo cha kugusa diski ili kutuonya. Vumbi nalo laweza kuleta sauti hii, lakini tusikisie. Fundi afungue gurudumu apime. Pedi ikibaki milimita 3, ibadilishwe.

3. "Krrr", chuma kwa chuma. Pedi au shuu imekwisha. Bati linakula diski au dramu. Simamisha gari, usibebe mtu. Mwite fundi.

4. Sauti hata bila kukanyaga breki. Pengine kijiwe kimenasa karibu na diski. Ukisikia mvumo unaozidi kadiri mwendo unavyozidi, beringi ya gurudumu ikaguliwe.

Namna ya kupima

Tafuta barabara tambarare isiyo na watu wala mifugo. Kwanza hakikisha breki zinashika. Zima redio, fungua vioo. Nenda polepole kama baiskeli, kilomita 10 kwa saa. Kanyaga breki taratibu. Mwenzako asimame kando, mbali na njia, asikilize ni gurudumu lipi linalolia.

Halafu tazama chupa ya mafuta ya breki. Pedi zikiisha, mafuta hayo hushuka. Yakishuka mno, pengine yanavuja.

Tusifanye haya

Tusipake oili wala grisi kwenye pedi ili zinyamaze. Kelele itakwisha, na breki nazo zitakwisha. Tusimwagie maji diski yenye moto. Inaweza kupinda au kupasuka. Tusipulize vumbi la breki kwa mdomo. Lina madhara kwa mapafu.

Ndugu zangu, si lazima uwe fundi ili usikie. Abiria naye ana masikio. Ukisikia "krrr", mwambie dereva kwa heshima. Akikataa, shuka. Pedi zikibadilishwa mapema, tunanunua pedi tu. Tukichelewa, tunanunua na diski. Na uhai hauuzwi dukani.

MASWALI

1. Kwa nini sauti ya breki husikika zaidi gari likienda polepole?
2. Ni sauti ipi inayotutaka tusimamishe gari mara moja?
3. Kwa nini ni hatari kupaka oili kwenye pedi?
4. Zungumza na wenzako: abiria wafanye nini dereva asipotaka kusikia?