MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI
Somo kwa mwanafunzi aliye mbali na nyumbani

Kila mwanzo wa muhula vijana wengi wa Kenya huondoka makwao kwenda vyuoni, na kila mmoja huchukua fedha ambazo watu wengine wamezitolea jasho. Pengine mzazi ameuza ndama au magunia ya mahindi. Pengine ndugu wamechanga. Pengine ni mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995. Fedha hizo hufika kwa siku moja, lakini njaa huja kila siku. Hapo ndipo penye shida, na hilo ndilo somo letu la juma hili.

Mwanafunzi aliyepokea fedha nyingi mara moja hujiona tajiri. Juma la kwanza hununua viatu, hula nyama kila jioni na kuwakirimu rafiki zake. Juma la saba hunywa chai bila maziwa na kulala bila kula. Hakuibiwa wala hakudanganywa, hakuhesabu tu.

Hesabu mbili

Tumchukue mwanafunzi ambaye karo na kodi ya chumba zimekwisha kulipwa, naye amebakiwa na Shs. 32,000/- za kumtosha majuma 16. Siku ile ile anapozipokea, kabla hajanunua kitu, na aandike hesabu mbili katika daftari.

Ya kwanza ni ya mambo ambayo si ya kila siku:
Vitabu, karatasi na nakala: Shs. 2,400/-
Nauli ya kurudi nyumbani: Shs. 2,400/-
Akiba ya ugonjwa au msiba: Shs. 3,200/-
Jumla: Shs. 8,000/-

Fedha hizi na ziwekwe mbali na mkono, kwa mfano katika Benki ya Posta, ambayo historia yake yaanzia mwaka 1910.

Zilizobaki, Shs. 24,000/-, zigawanywe kwa majuma 16. Kila juma litapata Shs. 1,500/-, nazo zitumike hivi:
Chakula: Shs. 1,050/-
Sabuni na moto wa kupikia: Shs. 150/-
Simu: Shs. 100/-
Mengineyo: Shs. 100/-
Akiba: Shs. 100/-

Juma likiisha na fedha zimekwisha, asiguse za juma lijalo. Na apunguze matumizi pale alipozidisha.

Kila jioni na aandike alichotumia, hata kikiwa kidogo. Anayesema, “Ni shilingi 50 tu,” bado hajajumlisha. Shilingi 50 kila siku kwa majuma 16 ni Shs. 5,600/-, yaani karibu fedha za majuma manne!

Chakula ndicho kilacho fungu kubwa, basi hapo ndipo pa kupunguza. Wanafunzi watatu wakichanga na kupika maharagwe au githeri katika sufuria moja, watakula vizuri kwa gharama ndogo kuliko kila mtu kununua sahani yake kibandani. Na mboga ile tuiitayo sukuma wiki yatufundisha kwa jina lake.

Hatari ya mkopo wa simu

Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, simu imekuwa mfuko wa fedha. Mwaka 2012 M-Shwari ilianzishwa, na mtu akaweza kukopa papo hapo. Ada yake wakati huo ilikuwa 7.5 kwa mia kwa siku 30. Aliyekopa Shs. 2,000/- alirudisha Shs. 2,150/-. Hizo 150 zaonekana ndogo, lakini anayekopa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima hulipa ada ya Shs. 1,800/-. Mkopo wa Bodi kwa riba ya 4 kwa mia ungemgharimu Shs. 80/- tu kwa mwaka. Mkopo wa haraka waweza kumsaidia mfanyabiashara ambaye kesho atauza; mwanafunzi akopaye ili ale, kesho ana nini cha kuuza? Na anayetaka kuziba pengo kwa kubahatisha matokeo ya mpira huongeza shimo juu ya shimo.

Hesabu ikikataa, mwanafunzi na awaambie wazazi mapema, daftari likiwa mkononi. Wengi hunyamaza kwa haya hadi mtihani u karibu na deni limekua. Mzazi akiona kila shilingi imeandikwa ilikokwenda, hatakosa kuelewa. Asipoonyeshwa chochote, atafikiri ndama wake ameliwa bure.

Mwanafunzi akifuata mpango huu, mwisho wa muhula atakuwa na Shs. 1,600/- za akiba ya kila juma, pamoja na zile 3,200 ikiwa hakupatwa na jambo. Si mali nyingi, lakini ataanza muhula ujao bila deni. Akiba haiozi.